Mzee Alikuja Kumwakilisha Kijana

Wanafunzi wa saikolojia wanalipenda jaribio la mistari la Solomon Asch kwa sababu halina gharama: manila, rula, kalamu nene na watu saba chumbani. Kadi ya kwanza ina mstari mmoja. Wetu tuliuchora wa sentimita 20. Kadi ya pili ina mistari mitatu, A, B na C: 16, 20 na 23. Unauliza ni upi unaolingana na ule wa kwanza. Hata aliyesahau miwani nyumbani anapata. Asch alipowapima watu mmoja mmoja, walikosea chini ya mara moja katika mia.

Utamu wote uko kwenye viti. Kati ya hao saba, sita ni wasaidizi wa siri waliofundishwa cha kusema. Anayepimwa ni mmoja tu, na hajui. Anakalishwa kiti cha sita ili asikie watano wakijibu kabla yake. Ukimweka wa mwisho kabisa anaanza kuhisi anawindwa. Kadi mbili za mwanzo wote wanasema kweli, azoee. Baadaye wanaanza kudanganya kwa pamoja, bila kucheka, bila kutazamana. Asch alitumia kadi 18, na katika 12 kundi lilidanganya. Karibu theluthi moja ya majibu kwenye hizo 12 yalilifuata kundi, na robo tatu ya waliopimwa walilifuata angalau mara moja. Hiyo ni Marekani, miaka ya 1950.

Kuna sharti ambalo vitabu hulipita haraka: mle chumbani wote walikuwa wanafunzi wa kiume wa vyuo, rika moja. Hakukuwa na baba mkwe wala mjomba wa mtu.

Sisi tulikuwa Iringa, mwezi wa Julai, ile baridi ya kuvaa sweta mbili. Msimamizi wetu, Madam, alitaka vijana wa miaka 18 hadi 25, wakulima. Mwaka 1967 mwanasaikolojia John Berry alikuwa amewalinganisha Watemne wa Sierra Leone, ambao ni wakulima, na wawindaji wa Kiinuit wa kisiwa cha Baffin kule Kanada, akakuta wakulima wanalifuata kundi zaidi. Kwa hiyo tulitegemea vijana wa mtaa watafuata bila shida. Barua ilitoka chuoni, ikaenda kwa Katibu Tawala, ikateremka kwa Mtendaji wa Kata, ikafika kwa mwenyekiti wa mtaa ikiwa imejaa mihuri kama pasipoti ya mfanyabiashara. Kamati ya maadili ilikubali tumfiche mshiriki lengo letu, ila mwisho aelezwe ukweli wote na awe na haki ya kufuta majibu yake.

Saa tatu asubuhi mlango wa ofisi ya mtaa ukafunguliwa. Akaingia mzee mwenye koti zito.

"Kamwene!"

Kijana aliyeandikwa kwenye orodha alikuwa shambani, anavuna mahindi. "Nimekuja kumwakilisha," mzee akasema, akaomba karatasi ya mahudhurio.

Kwetu kila kitu kinawakilishwa: kikao cha harusi, mkutano wa shule, hata kwenda kuchukua mbolea ya ruzuku. Nikamweleza taratibu kwamba tunapima macho, na macho hayawakilishwi. "Yangu ni mazima kuliko yake," akanijibu. Nikamtazama Madam. Akaninong'oneza: mfanyie kama jaribio la awali, majibu yake hayataingia kwenye hesabu. Uamuzi sahihi kabisa. Ukimrudisha mzee aliyetembea kwenye baridi ile, mtaa mzima unakufungia milango.

Mzee akaisoma fomu ya ridhaa kurasa zote mbili kwa sauti, akasaini, na pembeni ya sahihi akaandika "k.n.y."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wasaidizi wangu sita, waliofanya mazoezi ya uongo wiki nzima, walisimama wote kwa pamoja. "Shikamoo mzee!" Mmoja akampokea kofia. Mwingine akavuta kiti namba moja, kilichokuwa karibu na jiko la mkaa, akakifuta kwa kiganja. Kiti cha sita kikabaki kitupu, na namba yake niliyoibandika kwa gundi.

Nikanyanyua kadi. Mzee wa kwanza: "B." Sita wakafuata: B. Kadi ya pili vilevile. Ya tatu ndiyo ya uongo. Wote walitakiwa kusema A. Mzee: "B." Msaidizi wa kwanza akameza mate: "B, kama alivyosema mzee." Wa pili: B. Dada mmoja, hodari kuliko wote kwenye mazoezi, alianza, "A..." Mzee akageuza shingo tu. "Samahani mzee, B."

Kule nyuma Madam alikuwa anakohoa kwenye daftari lake. Jaribio lilikuwa linakwenda vizuri ajabu, ila limepinduka: anayepimwa alikuwa amewafuatisha wapimaji, sita kwa sita. Asch mwenyewe hakuwahi kupata asilimia hiyo.

Nikaomba tubadilishane viti, nikisingizia mwanga wa dirisha. Mzee akahamia cha sita, akapewa sweta la mtu afunike magoti. Kadi iliyofuata wasaidizi watano walisema "A" kwa sauti za watu walioitwa polisi. Mzee hakujibu. Alinyanyuka, akaingiza mkono kwenye koti, akatoa futikamba. Alikuwa fundi seremala. Akapima kadi ya kwanza: ishirini. Akapima A: kumi na sita. Akageuka, si kwangu, kwa Madam.

"Mwalimu, hawa watoto wamekunywa chai?"

Tukasimamisha. Nikamfungulia siri yote: kwamba wenzake walijua jibu, wakadanganya kwa makusudi, tuone kama atawafuata.

"Wote walijua ni B?"

"Wote, mzee."

Nikamsomea haki yake, kwamba akitaka tunafuta majibu yake.

"Yangu yaacheni. Futeni ya hawa."

Akapokea nauli na soda. Nikamwomba, kama utaratibu unavyotaka, asimsimulie mtu yeyote mpaka tumalize, maana mshiriki akishajua siri hapimiki tena. Akaahidi. Jioni hiyo akapita kilabuni.

Jumatatu yake akaingia kijana wa kwanza kwenye orodha, miaka 22, mkulima, kila kitu sawasawa. Akaenda moja kwa moja kiti cha sita bila kuelekezwa. Akawasalimia wasaidizi kwa kuwakonyeza. Kadi ya kwanza haijanyanyuliwa vizuri akatoa futikamba mfukoni.

"Nianze na ipi?"

Madam akafunga daftari, akaniambia nikaandike barua ya kata nyingine.