Kazika Machi, Juni Ana Mpenzi

Kikao cha wazazi cha shule moja ya kata hapa Makambako, mkoani Njombe, kilikuwa kinaelekea ukingoni, watu wameshaanza kufunga makoti, mzee mmoja aliponyanyuka nyuma akasema: "Mtoto kamzika mama yake Machi. Juni ana mpenzi. Sasa huyo alikuwa analia nini?"

Ukumbi ukacheka. Na mimi nilitabasamu, jambo ambalo limenisumbua tangu siku ile, maana binti aliyekuwa anasemwa namjua, na mama yake mdogo tunauza naye viazi na nyanya meza kwa meza.

Binti ana miaka 16, yuko kidato cha pili. Kazaliwa na kukulia Kyela. Matanga yalipoanuliwa ukoo ukakaa, na kama inavyofanyika kwetu kote huku, watoto wakagawanywa: wa kiume akabaki kwa mjomba, yeye akapewa mama mdogo aliyeolewa huku kwa Wabena. Siku ya nne baada ya kikao alikuwa kwenye basi. Katoka mahali ambapo watu wanalala madirisha wazi, kashuka kwenye upepo wa Makambako akiwa na kitenge na ndala. Asubuhi ya kwanza darasani alimwamkia mwenzake kwa Kinyakyusa, "ugonile", wenzake waliozoea "kamwene" ya Kibena wakamwita hilo jina wiki nzima. Sweta aliyovaa mwezi wa tano si ya mama mdogo. Ni ya kijana wa kidato cha tatu, miaka 17, anayekaa mtaa wa pili. Hapo ndipo maneno yalipoanzia.

Wanaolaumu wana hoja, na sitaki kuzipitia juu juu. Mama mdogo alikabidhiwa mtoto mbele ya wazee. Likitokea lolote, ukoo hautamuuliza binti, utamuuliza yeye: tulikupa mtoto, umetuletea nini? Halafu mkoa wenyewe ndio huu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta asilimia 4.4 ya Watanzania wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU. Njombe ni asilimia 12.7. Mwanamke wa umri wa mama mdogo hahitaji kusomewa takwimu hiyo, kaiona kwa idadi ya misiba aliyopikia tangu akiwa msichana. Na sheria ipo. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2021 binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, ila kuruhusiwa kurudi na kupata wa kukushikia mtoto ni mambo mawili.

Niseme pia, ili nisieleweke vibaya: kijana huyu angekuwa mtu mzima wa miaka 26 mwenye bodaboda na hela ya chipsi, nisingeandika chochote. Ningemshika mama mdogo mkono twende dawati la jinsia. Watu wa namna hiyo wapo, na wanamjua mtoto aliyefiwa kwa kumtazama tu anavyotembea. Hofu ya wazazi haikutoka hewani.

Ila yule mzee hakuuliza umri wa kijana. Aliuliza binti alikuwa analia nini, yaani kama angekuwa na uchungu wa kweli asingekuwa na nafasi ya kupenda. Hapo ndipo ninapokataa, na ninakataa kwa kutumia mila zile zile ambazo wazee wanatuambia tumezitupa.

Miaka ya 1930, Kyela ikiwa bado ndani ya Rungwe, mtafiti Mwingereza aitwaye Godfrey Wilson aliishi kwa Wanyakyusa, na mwaka 1939 akaandika jinsi walivyozika. Alichokikuta si kimya. Alikuta ngoma. Vijana wa kiume wanacheza na mikuki, wanawake wanapita katikati yao wakipiga vigelegele, na ngoma hiyo inaanza na hasira na uchungu, kisha kadiri muda unavyokwenda inageuka kuwa uchangamfu, vijana wanatazamana. Marehemu yuko pale pale ardhini, waliomlilia asubuhi ndio hao jioni wanacheka. Hakuna aliyeuliza walikuwa wanalia nini. Watu wale walijua kwamba mwili wa kijana ukiguswa na kifo unakimbilia kwenye uhai, wakaona heri ukimbilie uwanjani, mbele ya macho ya watu wote, kuliko vichochoroni.

Sisi tumeacha ngoma tukabaki na turubai, viti vya kukodi na ratiba. Siku ya tatu au ya nne turubai linashushwa, na mtoto anatakiwa ashushe na yake. Uwanja ule hatuna tena, halafu tunashangaa kwamba binti kapata uwanja wake kwenye simu.

Simu yenyewe ilikuwa ya marehemu mama yake, kioo kimepasuka pembeni. Mama mdogo alipoikamata aliniletea sokoni tusome wote, maana alitaka shahidi. Nilijiandaa kukutana na uchafu. Tulichokuta ni hiki. Kijana anauliza: mama yako alikuwa anaitwa nani? Anajibiwa. Siku nyingine: mbasa mnampikaje kwenu? Jibu lake refu, mistari mingi, tangu namna mama alivyokuwa anamparua samaki mpaka wimbo aliokuwa anaimba akipuliza moto. Siku nyingine, saa tano usiku: umeota tena? Yapo na ya mapenzi, sitaficha, "nakupenda" na mioyo myekundu ya kutosha, na moja ambayo mama mdogo aliirudia mara mbili akitikisa kichwa: "usiponijibu silali". Lakini nilihesabu. Yanayomhusu marehemu yalikuwa mengi kuliko yanayowahusu wao wawili.

Nikamuuliza mama mdogo: tangu mtoto afike, ndani kwenu jina la dada yako limetajwa mara ngapi? Akapanga nyanya. Akazipanga upya. Akasema, "Tunaogopa kumliza."

Kwa hiyo, kwa miezi mitatu, katika mji mzima huu wenye malori, gesti na makanisa, mtu mmoja tu alimuuliza yule mtoto habari za mama yake, na alikuwa mvulana wa kidato cha tatu. Shule ina mwalimu wa malezi, ndiyo, ambaye ana vipindi vyake, ana zamu, na ana wanafunzi wote wa shule. Kanisani alisimamishwa mara moja, wageni wajitambulishe. Tunaita hayo mapenzi ya kitoto, na huenda ni ya kitoto kweli. Bado ndiyo kikao pekee cha msiba alichopata.

Mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu, amenipinga vizuri zaidi kuliko yule mzee. Anasema hilo ndilo la kuogopesha. Mtoto aliyefiwa akiweka mama yake wote kwa mvulana mmoja, mvulana akihamia kwa binti mwingine mwezi wa kumi, na wavulana wanahama, atafiwa mara ya pili, na safari hii bila hata turubai. Sina jibu la kuifuta hoja hiyo. Ninachokiona tu ni kwamba inadai binti awe na watu wengi wa kumsikiliza, wakati sisi tumempunguzia hata yule mmoja. Hata takwimu ya VVU naisoma hivyo hivyo. Asilimia 12.7 inatumika nyumbani kama kufuli la mdomo, mtoto anaambiwa "unaijua Njombe wewe?" na maneno yanaishia hapo. Namba kubwa namna hiyo ingetufanya tukae naye jikoni tumwambie yote, pamoja na yale yanayotutia aibu.

Mimi ningemwita yule kijana. Aje mchana, apite mlango wa mbele, asalimie, anywe chai sebuleni watu wapo, aulizwe ukoo wake na masomo yake. Ajulikane. Atakayekuwa na nia mbaya hatarudi mara ya pili, chai ya sebuleni inawachosha haraka watu hao. Nimemwambia hivyo mama mdogo. Kasema baba mdogo hatakubali, na pengine kweli.

Lakini simu nilimwambia airudishe, kwa sababu ambayo haihusiani na mvulana. Ndani yake kuna ujumbe wa sauti wa marehemu, zaidi ya ishirini, aliokuwa akimtumia mdogo wake huyu huyu wa Makambako. Binti alikuwa akiusikiliza kabla ya kulala. Siku aliyonyang'anywa mpenzi alinyang'anywa na sauti ya mama yake, na hakusema, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kwa nini analia hivyo kwa ajili ya simu mbovu.

Mama mdogo alinyamaza kidogo. Kisha akasema ya kwake alishaipoteza zamani ikiwa na ujumbe wote, ndiyo maana juzi, watu wamelala, aliichaji ile ya kabatini. Akafungua ujumbe mmoja tu, mfupi, dada yake anauliza kama gunia la mchele limeshushwa salama stendi au makondakta wamelipitiliza. Aliurudia mpaka chaji ikaisha.

"Sijamwambia mtoto," akasema, akamgeukia mteja.