Kuku Hana Wakili Kisumu

Mpini umebaki mkononi mwangu, kisu kimenasa kwenye paja la kuku. Sebuleni kuna wageni kutoka Kakamega, watu ambao hata kwa mlio tu wanajua kuku anakatwa au anateswa.

Kisu chenyewe kimetoka soko la Kibuye Jumapili hii tu, baada ya mjadala uliobakiza spika.

Nilifika na heshima zangu, shati limepigwa pasi. "Kijana, nataka kisu cha kuku. Kifupi, inchi 5 au 6, ncha kali, kisipinde." Akanipa kirefu, chembamba, kinayumba. Nikamwambia hicho ni cha kutoa fileti ya mbuta. Mji huu kila kisu kinazaliwa kikiwaza samaki. "Mzee, hiki kinakata kila kitu," akasema, akachukua gazeti akalichana shwaa! Nikamuuliza ni lini aliniona nikila gazeti.

Hapo baraza likafunguliwa. Mama wa omena akaingilia: "Baba, si ukate na panga tu?" Panga! Mfupa wa kuku una uwazi ndani, ukiupiga panga unapasuka vijiti, halafu mgeni wa watu anatafuta mchuzi kwa ulimi kwa uangalifu. Kuku hakatwi mfupa, anakatwa kiungo. Unalikunja paja kwa nyuma mpaka nyonga ichomoke, unapitisha ncha kwenye gegedu, basi. Nilieleza yote hayo nikitumia mguu wangu mwenyewe, suruali nimeikunja, na watu wakajaa. Kijana wa bodaboda akauliza dawa ya magoti nauza pesa ngapi.

Muuzaji akaleta chenye meno. Hicho ni cha mkate, ndugu yangu, ngozi ya kuku kitairarua yote! Akaleta cha kukatia sukuma. Nikakohoa. Ndipo akainama chini ya meza akatoa kimoja kilichofuliwa kwa springi ya lori, na hapo sina neno, chuma cha springi kinashika makali kweli. "Na mpini?" "Mzee, huo utawaachia wajukuu." Wajukuu gani? Umeshikwa na ribiti moja na maombi!

Kunoa nako ni kesi nyingine. Yule wa kunoa kwa baiskeli hapiti tena kwetu, kwa hiyo nanoa kwenye kitako cha kikombe cha udongo, na mama watoto ananiuliza kama chai nayo nitainoa.

Sasa nashika chuma kwa kitambaa, natafuta kiungo polepole nisije nikapasua nyongo, maini yote yawe shubiri. Na firigisi siioni. Mgeni mkubwa anajua ni yake, mimi najua nyumba ni ya nani, na paka amekaa kimya mno. Tena watoto walimpa jina la Mheshimiwa. Nimepiga kelele dirishani, "Mheshimiwa, rudisha ulichokula!" na jirani ameitikia kutoka kwake, "Waambie, baba, waambie!"