Milimita Moja ya Ukali

Miongoni mwa wapigapicha wa wadudu na maua kumeenea dai kwamba picha bora ya karibu ni ile inayomwonyesha mdudu mzima kwa ukali, kuanzia vipapasio hadi ncha ya tumbo, na kwamba kila kilichofifia ni ushahidi wa mtu asiyeimudu kamera yake. Dai hilo lina msingi, ila linaionea picha yenye kina kifupi cha ukali, yaani ile ambayo tabaka jembamba tu, kutoka mbele kwenda nyuma, ndilo linaloonekana kwa ukali.

Lawama nyingi hukwama kwenye hesabu. Mdudu akipigwa kwa uwiano wa 1:1, yaani taswira yake juu ya sensa, kipande cha kamera kinachonasa mwanga, ikilingana na ukubwa wake halisi, tundu la lenzi la f/8 (namba hiyo ikikua, tundu hupungua) kwenye kamera ya fremu kamili, yenye sensa ya ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35, hutoa kina cha takriban milimita 1. Anayelalamika huagiza tundu libanwe zaidi. Likibanwa hadi f/16 kina hufika kama milimita 2, ambazo bado ni chache mno kwa mwili wa kereng'ende, huku mwanga ukishuka hadi robo. Lililo zito zaidi ni kwamba kwa uwiano huo f/16 hutenda kazi kama f/32, na mwanga unaopinda kwenye kingo za tundu hilo dogo huigeuza kila nukta kuwa duara la takriban milimita 0.043, ilhali hesabu ya kina ilikubali ukungu usiozidi milimita 0.03. Tabaka limenenepa, lakini hakuna tena mahali ndani yake palipo pakali kama palivyokuwa kwenye f/8. Sielewi kwa nini biashara hii ya hasara bado hufundishwa kama tiba.

Njia ya pili, ya kupiga fremu nyingi kwa kusogeza fokasi hatua kwa hatua kisha kuziunganisha kwa programu, ina uzito zaidi. Anayetaka kutambua spishi kwa vinyweleo vya mguu au mishipa ya ubawa ana haki ya kuvidai vyote, na kereng'ende aliyeganda kwa baridi ya alfajiri hutulia vya kutosha. Nyuki aliye kazini juu ya ua linaloyumba hatulii, na fremu zake zikiunganishwa huzaa miguu ya ziada na kingo zenye vivuli.

Hata pale inapowezekana, ukali wa kila kitu huyapa majani makavu ya nyuma sauti sawa na jicho la mdudu. Anayebaki na milimita yake moja hulazimika kuamua iangukie wapi, na uamuzi huo una ufundi wake: kipepeo aliyefumba mabawa, akipigwa ubavuni huku sensa ikiwa sambamba na ubawa, anaweza kuonekana karibu wote kwa f/8 ileile, na vurugu ya nyuma ikayeyuka kuwa rangi tupu.

Wapo, ni kweli, wanaofungua tundu hadi f/2.8 kwa mazoea, wakabaki na kina cha takriban theluthi moja ya milimita na kuuita ukungu wote sanaa. Na tabaka hilo likitua mgongoni mwa buibui anayetutazama, macho yake yakazama kwenye ukungu, sina la kuwatetea.