Kubana matumizi ya nishati serikalini: tuanze na ankara, ununuzi ufuate

Kila agizo la kupunguza matumizi ya umeme na mafuta katika ofisi za umma likitoka, mjadala unagawanyika mara moja. Upande mmoja unataka vitu vipya: paneli za sola juu ya paa, magari ya gesi au ya umeme, viyoyozi vya kisasa, mashangingi yauzwe. Upande wa pili hausikiki sana, kwa sababu unasemewa na fundi umeme wa jengo, ofisa usafirishaji na mhasibu wa kitengo. Wao wanaomba fedha za kusafisha, kubadilisha vipuri na kupima, na ombi lao linasomwa kama matumizi mengine tu ya kubana.

Kuna na sauti ya tatu, mpya kidogo. Inauliza tubane umeme wa nini wakati Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mwaka 2024 ilifika mahali mitambo mingine ikazimwa kwa kuwa umeme ulizidi mahitaji. Hoja hii ina uzito. Lakini ziada ya megawati kwenye gridi haimlipii Ofisa Masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, ankara yake. Machi 2017 Rais Magufuli, akiwa Mtwara, aliitaka TANESCO ikate umeme kwa wadaiwa wote, taasisi za serikali zikiwamo, na hapo kila ofisi ilikumbuka kwamba umeme ni deni kama madeni mengine. Ninachokijadili hapa ni shilingi zinazotoka kwenye fungu la matumizi mengineyo na kumalizika kabla dawa, karatasi na safari za ukaguzi hazijalipiwa.

Wanaotaka vitu vipya wana hoja, na zipo ambazo hazipingiki. Taa ya tyubu ya futi nne ya wati 36, ukijumlisha na choki yake, inakula karibu wati 45. Ya LED inayoleta mwanga wa kutosha mahali hapohapo inakula wati 18. Hapo hakuna cha kujadili. Tyubu ikiungua, isirudishwe nyingine ya aina ileile. Sola nayo inaendana vizuri na saa za ofisi, maana jua linapokuwa kali ndipo viyoyozi vinapofanya kazi zaidi. Faida kubwa ya kitu kipya ni kwamba hakitegemei nidhamu ya mtu: kikishafungwa, kinaokoa hata bosi akisahau.

Ila kukipata ni rahisi kuliko kukitunza, na hapo ndipo upande wa pili unapostahili kusikilizwa kwa makini.

Chukua ankara ya jengo la wizara au la mkoa lililo kwenye kundi la T2, la watumiaji wakubwa kuliko wa nyumbani. Watu wengi husoma yuniti tu. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwaka 2016, ambazo ndizo ninazopigia hesabu hapa, yuniti ya T2 ni shilingi 195, lakini kuna mstari mwingine: shilingi 15,004 kwa kila kVA ya kilele cha mwezi, kabla ya kodi. kVA ni kipimo cha mzigo wote ambao jengo linauvuta kwenye gridi. Kilele ni ule mzigo mkubwa kuliko yote ambao mita imeunasa mwezi mzima. Mita haihesabu msukumo wa sekunde chache mota inapowaka. Inachukua wastani wa dakika 15 au 30, kadiri ilivyopangwa. Nusu saa moja mbaya inatosha kulipiwa mwezi mzima.

Na nusu saa hiyo inajulikana. Ni Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Jengo limefungwa tangu Ijumaa jioni, kuta na makabati yamelowa joto, na watu mia moja wanawasha viyoyozi mia moja kwa pamoja. Kila kimoja cha BTU 12,000, kile cha kawaida kisicho na inveta (kifaa kinachopunguza kasi ya kompresa chumba kikipoa), kinavuta takriban kilowati 1.2. Siku nyingine ikifika saa tatu vyumba vimepoa, kompresa zinapokezana, hii inakata nyingine inawaka, na mzigo unashuka. Jumatatu kompresa zote zinakwenda bila kupumzika: kilowati 120. Jengo likiwa na choki za zamani, mota za pampu na lifti, pawa fakta yake, yaani sehemu ya mzigo unaovutwa ambayo inafanya kazi ya kweli, inaweza kuwa 0.8. Gawanya 120 kwa 0.8, unapata kVA 150, ambazo ni shilingi milioni 2.25 kwa mwezi hata kama siku zote zilizobaki watu wangefungua madirisha.

Pandisha pawa fakta ifike 0.95, na kilowati zilezile 120 zinakuwa kVA 126. Tofauti ni karibu kVA 24, sawa na shilingi 355,000 kila mwezi, zaidi ya milioni 4.2 kwa mwaka, bila mtu hata mmoja kuzima kiyoyozi. Kinachohitajika ni kapasita, vifaa vinavyopandisha pawa fakta, za jumla ya takriban kVAr 50 (kipimo cha ukubwa wake) kwenye chumba cha umeme. Na hapa inabidi tuseme ukweli unaouma: majengo mengi makubwa yalifungiwa kapasita hizo tangu yalipojengwa. Paneli ipo na mlango wake upo, ila taa ya kuonyesha kwamba inafanya kazi ilizimika zamani na hakuna aliyeuliza.

Kuzikagua ni kazi ya robo saa kwa fundi mwenye klampu mita. Hatua moja, yaani kundi moja la kapasita, ya kVAr 10 kwenye volti 400 inatakiwa kuvuta karibu ampea 14 kila fezi. Ikisoma 8, kapasita imechoka. Ikisoma sifuri kwenye fezi moja, fyuzi imekatika. Kopo likiwa limevimba juu, litolewe lisije likapasuka. Kontakta zenye ncha zilizoungua zibadilishwe kwa zile za kazi hiyo, zenye waya za kupunguza msukumo, maana kontakta ya kawaida ya mota haidumu hapo. Kwenye jengo lililojaa UPS, kompyuta, inveta na LED za bei rahisi, umeme unakuwa na mawimbi machafu yanayochemsha kapasita. Bila choki maalumu zilizofungwa nazo mfululizo, mpya nazo zitakufa upesi. Bila kidhibiti kinachoziingiza na kuzitoa kufuatana na mzigo, usiku jengo likiwa tupu zinaweza kupandisha volti na kuharibu vifaa. Ndiyo sababu ununuzi peke yake hauokoi.

Dawa nyingine ya kilele haina hata gharama ya kipuri. Mlinzi au fundi awashe ghorofa ya kwanza saa 12:30, ya pili saa 1:00, ya tatu saa 1:30. Mizigo ikipishana hivyo, ghorofa ya kwanza inakuwa imeshapoa wakati ya tatu ndiyo inaanza kuhangaika.

Viyoyozi vyenyewe vinadhulumiwa kwa kutojua. Mtu anaingia na jasho, anaweka nyuzi 16 akiamini chumba kitapoa haraka. Kiyoyozi kisicho na inveta kinapoza kwa kasi ileile ukiweka 16 au 24. Tofauti ni kwamba kwa 16 kompresa haitakata, kwa sababu chumba hakitafika huko. Chujio la ndani kwa vumbi la Dodoma la kiangazi lioshwe kila wiki mbili. Koili ya nje isafishwe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka ndani kwenda nje. Ukiielekezea mashine ya kuoshea magari, mapezi yake laini yanalala na hewa haipiti tena. Bomba likiota barafu, kabla ya kukimbilia kuongeza gesi, angalia chujio kwanza. Na kama ni kweli gesi imepungua, basi imevuja mahali: kuongeza bila kuziba tundu ni kulipa leo na kulipa tena baada ya miezi michache.

Majengo ya zamani ya Dar es Salaam yalisanifiwa kwa upepo wa bahari: vioo vya lova, matofali ya matundu, korido pana. Leo vyumba vyake vimefungwa viyoyozi huku lova zilezile zikivujisha baridi kila upande. Ama lova zibadilishwe madirisha yanayofunga, ama zirudishiwe feni. Dodoma ni kinyume: iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, usiku unapoa, na jengo linaloachwa lipitishe hewa usiku linaanza asubuhi likiwa na akiba ya baridi. Ukuta wa kioo unaotazama magharibi unaipoteza akiba hiyo kabla ya saa tisa.

Magari ndiyo yanayopigiwa kelele zaidi, kwa sababu yanaonekana. Kenya ilijaribu njia ya wazi kabisa. Juni 2009 Uhuru Kenyatta, akiwa Waziri wa Fedha, alitangaza kwenye bajeti kwamba mawaziri watumie magari yasiyozidi cc 1800, na Volkswagen Passat zikanunuliwa. Wazo lilikuwa zuri na baadhi ya viongozi walilipinga waziwazi. Lakini waziri anayekwenda kijijini kwa barabara ya changarawe ana haja ya gari lililoinuka. Mwenzake anayezunguka mjini hana. Agizo moja kwa wote lilikwepa swali la gari linakwenda wapi.

Kwa Tanzania swali hilo lina jibu lililo mbele ya macho yetu: barabara ya Dar es Salaam hadi Dodoma. Ni kilomita 450 hivi, kwenda na kurudi 900. Land Cruiser V8 ya dizeli ikitumia lita 13 kwa kilomita 100 inamaliza lita 117. Tukiweka dizeli shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 351,000, bado posho ya dereva, tairi na sevisi. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida iliwekwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi 62,000. Hata wakiwa abiria wanne, 248,000, treni bado ni nafuu, na mara nyingi ndani ya gari hilo kuna ofisa mmoja na dereva. Safari 40 kwa mwaka kwa gari moja tu ni lita 4,680. Hakuna nozeli mpya za injini wala mafunzo ya udereva yatakayookoa kiasi hicho kwenye gari hilohilo.

Pingamizi linalotolewa ni kwamba ofisa akishuka stesheni atahitaji usafiri. Ni kweli. Wizara ziwe na magari machache ya pamoja Dar es Salaam, madogo, yanayotolewa kwa zamu kwa kitabu cha safari. Pingamizi gumu zaidi ni la heshima na posho, na hilo halitibiwi na fundi.

Gesi nayo ipimwe kwa utulivu. Kwa magari ya petroli yanayozunguka Dar es Salaam ni nafuu ya wazi, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam ina ujuzi wa kuyabadilisha. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya magari ya kazi ya serikali ni ya dizeli. Injini ya dizeli haina plagi. Ikifungwa gesi, dizeli inabaki kuwa kiwashio, kwa hiyo inachanganya tu, haiachi. Ongeza foleni za vituo vya kujazia na mikoa isiyo na kituo, utaona kwa nini agizo la kubadilisha yote kwa mkupuo lingekwama.

Kabla ya hapo, kila gari lijulikane linakula kiasi gani. Jaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, andika kilomita, tembea, jaza tena hivyohivyo, gawanya. Rudia mara tatu. Gari lililokuwa na lita 12 kwa kilomita 100 likifika 16 ghafla, kuna chujio la hewa lililoziba, breki inayokamata, nozeli inayomwaga, au mafuta yananyonywa. Ofisi isiyo na namba ya mwanzo haiwezi kutofautisha haya manne.

Kinachowavunja moyo watu wa upande wa pili, wa matengenezo, ni bajeti yenyewe. Agizo la kubana likija, mstari wa kwanza kukatwa ni matengenezo. Vyujio havioshwi, sevisi inaahirishwa, na ankara inapanda katika mwaka uleule wa kubana. Taasisi ikifanikiwa kuokoa, salio linarudi Hazina Juni 30, na ukomo wa mwaka unaofuata unapangwa kwa kutazama kilichotumika. Aliyeokoa anapunguziwa. Kwa utaratibu huo sioni kwa nini mtu ajisumbue.

Kenya mwaka 2012 ilitunga kanuni za usimamizi wa nishati: jengo au kiwanda kinachotumia zaidi ya yuniti 180,000 kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu, na kitekeleze angalau nusu ya akiba iliyopendekezwa. Hiyo nusu ndiyo yenye meno, kwa sababu ripoti haiwezi kuishia kabatini. Sisi tungeongeza sharti moja: sehemu ya kilichookolewa ibaki kwenye taasisi kwa miaka miwili mitatu, kwa matengenezo tu, na Mkaguzi Mkuu akikague kwa namba za kVA na lita kwa kilomita.

Kwa Dar es Salaam, miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye ankara zenye kilele kikubwa, na ndiyo miezi ambayo taasisi zinaandaa bajeti ya mwaka unaofuata. Ankara hizo nne ziwekwe mezani siku ya kikao cha bajeti, mstari wa kVA ukiwa umepigiwa wino, na fundi wa jengo awe ndani.