Nani Kanywa Kahawa Mchana wa Ramadhani?

Binamu yangu wa Maskati ndiye aliyeniletea chupa ile: A*Men Pure Coffee, manukato ya kiume ya Mugler wa Ufaransa, yaliyotoka 2008. A*Men yenyewe, ya 1996, ilikuwa tayari na kahawa ndani, pamoja na karameli na pachuli, yale majani ya harufu nzito. Hii wakaizidishia kahawa. "Kila mtu ananukia udi," akaniambia. "Wewe utanukia peke yako."

Basi nikanukia peke yangu.

Ilikuwa Ramadhani, nimealikwa kufuturu ukweni, Mji Mkongwe. Baada ya alasiri nikavaa kanzu, nikajipulizia shingoni, kifuani, na kofia nayo nikaionjesha. Pale chumbani sikusikia ubaya wowote, harufu safi ya mtu aliyetoka kuoga. Kumbe harufu nyepesi ndizo zinazoruka mwanzo. Zile nzito, kina kahawa na pachuli, hungoja joto. Na joto lilikuwa linanisubiri ndani ya daladala la Mwanakwerekwe.

Hatujafika mbali, mzee wa kiti cha mbele akageuka. "Humu mna kahawa."

Daladala zima kimya. Konda akainama kuchungulia chini ya viti, nadhani akitafuta buli. Bi mkubwa niliyekaa naye akanusa, akanitazama mdomo. Si uso, mdomo.

"Mwanangu, na kanzu yote hiyo?"

"Bibi, haya ni manukato."

"Na mimi bi harusi."

Nikashuka kabla ya kituo changu, nikatembea juani, jambo lililozidi kuichemsha.

Sasa baba mkwe wangu ni mtu wa baraza la Jaws Corner. Kahawa chungu ndiyo maisha yake, na mwezi wa Ramadhani kichwa humgonga tangu adhuhuri kwa kuikosa. Nikampa shikamoo na mkono. Mkono hakuuachia. Akafumba macho, akanivuta, pua ikapanda taratibu kutoka kwenye kiganja mpaka kwenye ukosi wa kanzu.

"Imekaangwa ikapita kiasi," akasema. "Halafu nani kaitia sukari?"

Hiyo ndiyo karameli. Mzee hakukosea hata chembe.

Jikoni nako shemeji alishatangaza: "Mumeo keshafuturu." Mke wangu akatoka na upawa mkononi, akaniamrisha nifungue kinywa. Kilikuwa kikavu, kinanuka njaa tupu. Ndoa ikapona.

Baba mkwe akaniweka mkekani ubavuni mwake, haniruhusu kwenda popote. Kila baada ya muda bega langu linapata pua. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba wapo mashehe wanaosema ni makuruhu aliyefunga kunusa manukato.

"Sinusi," akanijibu. "Napumua."

Tukafuturu, tukaenda tarawehe, tukarudi. Mama mkwe akaleta buli na vikombe, na sahani ya halua. Akammiminia kila mtu, akafika kwangu akaniruka. "Wewe umeshaoga nayo."

Chupa sikuondoka nayo. Mzee aliniuliza iko wapi, nikaitoa mfukoni, ikaingia mfukoni mwake bila mazungumzo marefu. Kesho yake mchana, katikati ya saa zake za kichwa, akampigia simu mke wangu: eti niulizwe kama hao Wafaransa wanayo ya tangawizi.