Mchele mwekundu wa Wachina ni dawa, basi tuuheshimu kama dawa

"Hupunguza kolesteroli, ni asili tupu, hauna kemikali." Ndivyo vinavyonadiwa vidonge vya mchele mwekundu wa Kichina, ule unaoitwa hongqu. Nusu ya kwanza ya tangazo hilo inaweza kuwa kweli. Nusu ya pili inaniudhi sana, kwa sababu inaweza kumuumiza mtu.

Hongqu ni mchele uliopandwa kuvu ya jamii ya Monascus hadi punje zikageuka rangi ya damu ya mzee. Kwa karne nyingi Wachina wameutumia kutia rangi vyakula, kutengeneza pombe, na kutibu tumbo na mzunguko wa damu. Li Shizhen aliuandika katika Bencao Gangmu, kitabu chake kikubwa cha dawa cha mwishoni mwa karne ya 16. Wakati huo hakuna aliyejua kolesteroli, yaani mafuta ya kwenye damu, ni nini.

Mwaka 1979, mtafiti wa Kijapani Akira Endo alipata ndani ya kuvu ya Monascus kiambata alichokiita monakolini K. Huko Marekani, kampuni ya Merck ilikuwa imepata kiambata chake kutoka kuvu nyingine, ambacho baadaye kiliitwa lovastatini. Vilipolinganishwa, vikawa kitu kilekile. Mwaka 1987 lovastatini ikaidhinishwa Marekani, ikiwa ya kwanza kuuzwa kule kati ya statini, yaani kundi la dawa za hospitali za kupunguza kolesteroli. Kwa hiyo anayekataa statini za hospitali kwa kuogopa "kemikali", kisha akameza mchele mwekundu, anameza statini bila kujua. Inafanya kazi ileile: inalizuia ini kutengeneza kolesteroli, nalo ini linaanza kuivuta ile iliyomo kwenye damu. Na madhara ni yaleyale pia, yaani misuli kuuma na ini kusumbuka. Mjamzito hapaswi kuutumia, na aliyeandikiwa statini asiongeze mchele huu juu yake. Hata balungi, tunda tu, linaweza kupandisha kiwango cha dawa hii mwilini.

Nawasifu Wachina kwa jambo moja: dawa yao hii waliipima. Walitengeneza Xuezhikang, kidonge cha hongqu chenye kiwango kinachojulikana, wakakijaribu kwa wagonjwa karibu 5,000 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba matukio makubwa ya moyo yalipungua kwa karibu nusu kwa waliopewa dawa hiyo, wakilinganishwa na waliopewa kidonge kisicho na dawa. Mitishamba mingine inayotajwa kwa kolesteroli, kama shanzha, tunda dogo jekundu la Kichina, haina ushahidi wa uzito huo.

Lakini kopo lililoko dukani si Xuezhikang. Utafiti wa mwaka 2017 uliopima chapa 28 zinazouzwa Marekani ulikuta mbili hazina monakolini K kabisa, na kati ya zilizobaki tofauti ya kiwango chake ilizidi mara 60. Kuna pia sitrinini, sumu ya figo ambayo baadhi ya kuvu hizi huitoa mchele usipotengenezwa kwa uangalifu. Mwaka 2024 kampuni ya Kobayashi ya Japani iliviondoa sokoni vidonge vyake vya mchele mwekundu baada ya watumiaji wengi kuugua figo, na sumu nyingine ya kuvu ikakutwa ndani yake. Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuweka masharti mwaka 2022: monakolini isifike miligramu 3 kwa siku.

Sisi Afrika Mashariki tunaijua vizuri dawa ya Kichina iliyofuata njia sahihi. Artemisinini iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria ilitoka kwenye mmea wa qinghao, na mtafiti wa Kichina Tu Youyou akapata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Mama anayempa mtoto wake dawa mseto anajua vidonge vingapi, mara ngapi, kwa siku ngapi. Asingekubali pakiti moja iwe tupu, na nyingine zipishane kiwango cha dawa mara 60. Kwa nini mwenye ugonjwa wa moyo akubali?

Kama unautumia mchele huu, usiache ghafla statini uliyoandikiwa, wala usimfiche daktari. Mpelekee kopo lenyewe, umwombe apime ini lako na figo zako. Muuzaji naye mwulize mambo mawili: kila kidonge kina miligramu ngapi za monakolini K, na cheti cha kipimo cha sitrinini kiko wapi. Akikosa majibu, usinunue.