Wachezaji wetu wakistaafu wanaenda wapi?

Wakenya wenzangu huku Kanada wakianza ile stori ya kwamba wazungu wanatushinda michezo sababu ya pesa, mimi huwa nakataa. Pesa wanazo, sawa, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba huku mchezaji akistaafu anarudi kwa watoto na kwetu akistaafu ndio basi, hakuna mtu anamtafuta tena.

Mtoto wangu anacheza hoki ya barafu na kwa timu yao kuna mzee alicheza NHL zamani, ile ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Kanada na Marekani. Si staa, wengi hata hawamkumbuki. Jumamosi kabla jua halijatoka ashafika, amepiga goti anamfunga mtoto kamba za viatu, anavuta mpaka kifundo cha mguu kikae imara halafu anamwambia haya nenda uanguke. Yaani somo la kwanza ni kuanguka na kuinuka gongo likiwa mkononi, mambo ya kufunga magoli ni baadaye. Wale wakubwa kidogo anawakazania wasiinamishe kichwa wakikaribia ukuta, maanake ukigongwa pale kichwa kikiwa chini shingo inaweza kuvunjika, na akikwambia hivyo mtu ambaye mwenyewe amegongwa kwa miaka mingi unasikia tofauti kabisa na kocha aliyesoma kwa kitabu. Siku moja kuna kijana aliachwa kwa uteuzi, analia, mzee akaenda akakaa naye kwa benchi akamweleza yeye mwenyewe alivyokuwa akirudishwa ligi ndogo kila mara. Kijana bado anakuja mazoezi.

Na hakuingia hivi hivi tu eti kwa sababu alicheza. Huku kocha wa watoto lazima apitie mafunzo, polisi waangalie rekodi yake, na afanye kozi ya kulinda watoto. Kozi yenyewe imetoka kwa kampuni aliyoanzisha Sheldon Kennedy, mchezaji wa NHL ambaye alidhulumiwa kingono na kocha wake akiwa kijana na mwaka 1997 akajitokeza hadharani kusema. Huyo naye ni mstaafu aliyerudi kwa watoto, kwa njia yake, na mimi kama mzazi namshukuru sana.

Majina makubwa pia wanarudi. Willie O'Ree, mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, Januari 18, 1958, akiwa na timu ya Boston Bruins na jicho la kulia halioni, tangu mwaka 1998 amekuwa balozi wa ligi akizunguka kukutana na watoto ambao hakuna aliyedhani hoki ni yao. Martin St. Louis, staa mwingine wa NHL aliyestaafu, alikuwa anafundisha timu za wanawe kabla timu ya Montreal Canadiens imchukue kuwa kocha Februari 2022.

Sisemi huku ni mbinguni. Kuna wastaafu wana kambi za bei ambayo mzazi wa kawaida hawezi, na vifaa vya hoki peke yake ni kilio. Hata pensheni, ambayo NHL ilianza 1947, wazee ilibidi waende kortini miaka ya tisini kudai haki yao. Lakini angalau kuna kitu cha kudai, na mtu mwenye uhakika wa chakula anaweza kuamka Jumamosi akafundishe bure.

Sasa kuja nyumbani. Watu wanasahau Kenya tulikuwa moto kwa mpira wa magongo, ile hoki ya uwanjani isiyo ya barafu, namba sita Olimpiki ya Tokyo 1964, namba nne Kombe la Dunia Barcelona 1971, halafu baada ya Seoul 1988 hatujaonekana tena Olimpiki. Wengi wa timu ile ya zamani walikuwa Wakenya wenye asili ya Kihindi na wengi wao wakahamia Uingereza na huku Kanada, wakaenda na ujuzi wote. Avtar Singh Sohal, nahodha aliyecheza Olimpiki nne, yeye alibaki akawa kocha, lakini watu wangapi kama yeye tuliwashika? Namjua mmoja alichezea taifa, alienda shule fulani akaomba kufundisha watoto bila malipo, akaambiwa alete barua, akaleta, mpaka leo kimya. Siku za mechi yuko nje ya fensi anaangalia kama mpita njia. Hiyo inaniumiza kuliko hata kufungwa.

Hii haihitaji barafu wala mabilioni jamani. Kila klabu ichague wastaafu wawili watatu, iwalipie nauli na chakula cha mchana, wapewe mafunzo ya kulinda watoto na wachunguzwe kama wengine, halafu wawe na siku yao ya kila wiki inayojulikana. Na tuanze na Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafu, wale waliojifunza kuteleza pale hoteli ya Panari Nairobi, ambao mwaka 2018 waliletwa huku wakacheza na Sidney Crosby, staa wa NHL. Kenya sasa iko ndani ya shirikisho la dunia la hoki ya barafu tangu 2024, na wale wa kwanza kwanza umri unaenda. Wapewe watoto sasa hivi wakiwa bado wana miguu ya kuwaonyesha.